Fegi Moja Moja Ndiyo Inaharibu Kazi ya Ushuru

Tangu ushuru wa sigara hapa Kenya ubadilishwe mwisho wa 2024 tunapokea malalamiko ya aina mbili ofisini. Wenye maduka wanasema tunawaua kibiashara, wazazi nao wanasema vijana bado wanavuta tu, sasa ushuru umesaidia nini. Maswali yote mawili ni ya haki, na kama mtu wa afya ya umma wacha niyajibu pamoja.

Desemba 2024 ushuru uliwekwa shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu moja, iwe na filta au haina. Kabla ya hapo ile isiyo na filta ilitozwa kama 2,900 hivi, kwa hivyo bei ikipanda mvutaji alishuka tu kwa ile ya rahisi akaendelea kama kawaida, na hiyo njia kufungwa ni jambo zuri sana. Piga hesabu: ni shilingi 4.10 kwa kila fegi, 82 kwa pakiti ya ishirini, na VAT bado. Shirika la Afya Duniani linasema bei ikipanda kwa asilimia 10, uvutaji kwa nchi kama zetu hushuka kwa kama asilimia 5, na wanaoguswa zaidi ni vijana na watu wa mapato ya chini.

Lakini hiyo bei lazima imfikie mnunuzi, na hapo ndipo shida iko. Simama kidogo kwa kibanda cha steji uangalie. Pakiti iko wazi kati ya peremende na chingamu, kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye grili, mtu anatoa sarafu anapewa fegi moja na peremende ya kuua harufu, anawasha hapo hapo anaenda. Pakiti hajaishika, picha ya onyo hajaiona. Na ushuru ukiongezwa kwa senti kadhaa kwa kila fegi, hakuna anayelipa senti dukani, bei inakaa vile vile mpaka siku itaruka na sarafu nzima. Fegi ishirini zikiuzwa moja moja huwa zinazidi bei ya pakiti, nyinyi wenye maduka mnajua hivyo vizuri, lakini kwa sababu mtu anatoa kidogo kidogo hasikii uchungu. Mwanafunzi mwenye pesa ya nauli hawezi pakiti. Fegi anaiweza.

Ndio maana Sheria ya Kudhibiti Tumbaku inakataza kuuza sigara isipokuwa kwa pakiti yenye angalau sigara kumi. Hii sheria ni ya 2007! Nashangaa bado kuna mtu anatuambia hajawahi kuisikia. Na leseni ya biashara ya kaunti haikupi ruhusa ya kufungua pakiti, tafadhali tuachane na hiyo hadithi.

Kitu kingine tunachoambiwa kila siku ni kwamba mtoto ametumwa na babake. Sheria haina nafasi ya kutumwa. Ukimuuzia mtu wa chini ya miaka 18 umevunja sheria, na ukipatikana na hatia ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kama una shaka na umri omba kitambulisho cha taifa, kwa sababu hakitolewi kabla ya 18, na asipokuwa nacho usiuze. Pia lazima uweke tangazo mahali panapoonekana kwamba hauuzii watoto.

Afisa akija kukagua, muulize kitambulisho chake cha kazi, ni haki yako na hatakasirika. Akishakuonyesha mruhusu aangalie rafu, stoo na pakiti, anaweza kuchukua sampuli au kuzuia bidhaa, na hakikisha ameandika kila alichochukua. Kama unauzia nyumbani unapolala ni tofauti, pale anahitaji ukubali ama awe na kibali cha korti. Faini inaamuliwa na hakimu na inalipwa kupitia korti, kwa hivyo usimpe afisa pesa mkononi, hata akikuomba, na akikuomba ripoti.

Kuhusu zile sigara za bei ya chini zinazovushwa kutoka Uganda, nawaelewa, jirani akiuza hizo wateja wanahama. Angalia stempu ya KRA, yaani mamlaka ya ushuru, kwa pakiti, uipige skani na app ya Soma Label kabla hujanunua stoki, na ukipata haina stempu au ya uongo usiiweke dukani hata kama umeshalipia, rudisha kwa aliyekuuzia ama upeleke habari kwa ofisi ya KRA iliyo karibu. Ya watoto kuuziwa lete kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yako, ukitaja mahali na saa inapofanyika, jina lako si lazima.