"Toleo la mwisho ndilo sahihi": dhana ya Goethe iliyonichosha

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu yake kuhusu Werther, riwaya ya mwandishi wa Kijerumani Goethe. Alitaka kuonyesha kwa nini wakuu wa mji wa Leipzig waliipiga marufuku riwaya hiyo mwaka 1775, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa ile barua ya ndege: Lotte, mwanamke ambaye Werther anampenda, anamlisha kanari kwa midomo yake, kisha anampeleka ndege huyo huyo akadonoe midomo ya Werther. Kaichambua vizuri, kurasa nne nzima. Tatizo ni moja tu. Mwaka 1775 barua hiyo haikuwapo. Goethe aliiongeza katika toleo la 1787, miaka 12 baada ya marufuku.

Nilipomwambia, akanipa jibu ninalopewa kila mwaka: "Lakini Mwalimu, nimetumia toleo hakiki, lile ambalo wahariri wamelinganisha chapa mbalimbali, na linafuata matini ya mwisho aliyoipitisha mwandishi mwenyewe. Si ndiyo sahihi kuliko zote?"

Siyo. Hebu tuitazame vizuri hiyo matini ya mwisho. Kati ya 1827 na 1830 mchapishaji Cotta alitoa kazi za Goethe katika mabuku 40, toleo ambalo Wajerumani huliita Ausgabe letzter Hand, toleo la mkono wa mwisho. Jina linalaghai. Msomaji anamwona mzee wa karibu miaka 80 kainama mezani, kalamu mkononi, akipima neno moja moja. Kumbe mkono wenyewe ulikuwa mikono mingi. Kusahihisha tahajia, alama za uakifishi na maumbo ya maneno alikabidhiwa Göttling, msomi wa Jena. Riemer na Eckermann, wasaidizi wa Goethe, nao walikuwamo. Na wote hao walikuwa wakisafisha matini iliyokwisha kupita kwa wapanga herufi kwa nusu karne.

Mikono mingine ilikuwa ya wezi. Katika miaka ya 1770 Himburg, mchapishaji wa Berlin, alichapa kazi za Goethe bila ruhusa, akarudia, akarudia tena, kisha akapata ujasiri wa kumwandikia mwenye mali akiahidi kumpa vyombo vya kaure vya Berlin! Goethe hakumjibu, alimtungia beti za kejeli akaziweka. Lakini alipokaa kuiandika Werther upya, matini aliyoifanyia kazi ilitokana na chapa ya Himburg huyo huyo, ile ya tatu ya 1779, pamoja na makosa yake na maneno yaliyolainishwa huko Berlin. Hakushtuka. Hivyo makosa ya mwizi yakaingia katika toleo halali la 1787, yakarithiwa na matoleo yaliyofuata, mpaka Michael Bernays alipoyaanika mwaka 1866. Goethe alikuwa kaburini miaka 34. Sasa mtu aniambie: neno lililobadilishwa na mpanga herufi wa haramia, likapita mbele ya macho ya Goethe bila kuguswa, nalo tuliite nia ya mwandishi?

Tuseme hata makosa hayo hayakuwapo. Bado kuna swali la mwaka. Werther ya 1774 si rasimu ya ile ya 1787. Ndiyo iliyosomwa, ikaliliwa, ikapigwa marufuku. Ile ya pili ni kazi ya mtu mwingine kiumri: ina kijana wa shamba anayempenda mwajiri wake, ina kanari, na Albert, mume wa Lotte, anatendewa kwa upole zaidi. Anayeuliza Goethe aliishia wapi na asome ya pili. Anayeuliza vijana wa 1775 walisoma nini, ya pili haimfai hata kidogo.

Toleo kubwa la Weimar (1887–1919, mabuku 143) liliuchukua mkono wa mwisho kuwa msingi wake. Wahariri hawakuwa wazembe. Matini za zamani walizikata vipande vipande, wakazipanga mwishoni mwa buku kama orodha ya tofauti: ukurasa, mstari, neno, alama ya chapa. Inachosha macho, nakubali, ila ndiko siri ya kanari wetu ilikojificha. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wameshaufanyia utani, ni huu: toleo hakiki lifungue kutoka nyuma. Kwa Werther kuna njia rahisi zaidi, toleo la Frankfurt, lililoziweka matini zote mbili sambamba.

Ziko dhana nyingine ninazozisikia. "Tofauti zenyewe ni nukta na herufi." Katika Urfaust, matini ya awali ya tamthilia ya Goethe iitwayo Faust, shetani Mephisto anasema gerezani kuhusu Gretchen, msichana aliyefungwa humo, "Sie ist gerichtet", amehukumiwa, anatoweka na Faust, mlango unajibamiza, na sauti ya Gretchen inasikika ikififia. Katika chapa ya 1808 sauti kutoka juu inamjibu Mephisto: "Ist gerettet", ameokolewa. Maneno mawili, na mwisho wa tamthilia umegeuka. Tena Urfaust tunayo kwa bahati tu: Luise von Göchhausen, bibi wa ikulu ya Weimar, aliinakili kwa mkono wake, na nakala hiyo ikaonekana Dresden mwaka 1887. Na mwenye kudharau herufi namkumbusha utangulizi wa Faust. Chapa ya 1808 inasema Leid, "huzuni yangu" inasikika kwa umati usiojulikana. Riemer aliliona kosa la uchapaji, ilipaswa kuwa Lied, "wimbo wangu". Herufi mbili zimepishana, na wataalamu hawajapatana hadi leo. Mimi nasoma Leid. Na mtu asinipe hoja kwamba wimbo unaleta maana nyepesi zaidi. Wepesi huo huo ndio unaonitia shaka.

"Toleo hakiki ni lile lenye maelezo mengi." Hapana. Toleo la Hamburg, mabuku 14, lina ufafanuzi mzuri na nalipenda, lakini halikukusudia kukupa tofauti zote. La Weimar linakupa tofauti, halafu maana unajitafutia.

"Weimar walishamaliza kila kitu." Toleo lilikuwa limeendelea zaidi ya miaka 20 ndipo nakala ya matini ya kwanza ya Wilhelm Meister, riwaya nyingine ya Goethe, ikajitokeza Zürich. Barua zilijaza mabuku 50, na bado mwaka 1990 yaliongezwa matatu. Sasa barua na shajara zinahaririwa upya huko huko Weimar.

"Ipo bure mtandaoni." Ipo, lakini ipi? Mara nyingi ni matini ya mkono wa mwisho iliyobadilishwa tahajia kimyakimya, bila mwaka wala jina la mhariri. Au ni picha ya kitabu cha zamani iliyosomwa na mashine isiyotofautisha ile s ndefu ya chapa za kale na f. Ikiwa ukurasa wa kwanza haukuambii umetoka chapa gani, mimi sisahihishi kazi iliyoutegemea.

Ile sura imerudi jana. Kanari bado yupo na kurasa zake nne, ila amehamishiwa sura ya tatu, chini ya mwaka 1787.