Kukimbia ndani ya manyoya: maneno ya kocha kuhusu mbio za gorila

Wanaojiandaa kwa Great Gorilla Run huniuliza kwanza habari ya kasi: "Kocha, kilomita nane nitazimaliza kwa dakika ngapi?" Nawaambia saa waiache nyumbani. Mbio hizi za hisani za shirika la The Gorilla Organization zilianza London mwaka 2003, na mshiriki huvaa vazi zima la gorila, kuanzia kichwani. Humo ndani kinachokumaliza si umbali, ni joto.

Zaidi ya robo tatu ya nguvu anazotumia mkimbiaji huishia kuwa joto. Siku za kawaida jasho hukauka kwenye ngozi na kuondoka na joto hilo. Ndani ya manyoya bandia hewa haipiti, kwa hiyo jasho halikauki. Linatiririka mpaka kwenye soksi na joto linabaki palepale. Watazamaji wamejifunga skafu, wewe unatokota. Nimeona watu wanaokimbia kilomita kumi kila wikiendi wakihema vibaya kabla hata ya kufika daraja la Tower Bridge.

Mwili lakini hufundishika. Wiki mbili za mwisho, fanya mazoezi mepesi ukiwa umevaa sweta na koti la mvua, dakika chache kwanza, kisha uongeze kidogo kidogo, na usiwe peke yako. Mwili utazoea kutoa jasho mapema. Siku yenyewe vaa fulana nyepesi kabisa ndani, jipake mafuta ya mgando shingoni, kwapani na mapajani, na chukua mrija wa kunywea maji. Kinyago kinakuonyesha mbele tu, miguu yako huioni, kwa hiyo kwenye ukingo wa barabara tembea. Mwenye miwani ajue itajaa ukungu. Pasipo na watoto wala kamera, pandisha kinyago utosini upumue. Ukisikia kizunguzungu, au baridi ya ghafla, vua kichwa chote ukae kivulini. Hapo hakuna cha kujikaza.

(Kuna askari polisi wa London ambaye mwaka 2017 alitambaa London Marathon nzima kwa mikono na magoti akiwa amevaa kigorila, ikamchukua siku sita. Mimi mtu wa namna hiyo simfundishi.)

Njiani utaulizwa fedha zinakwenda wapi, na ni vizuri uwe na jibu kamili. Gorila wa milimani wanaishi Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tu, na hesabu iliyotangazwa 2019 ilifikia 1,063. Wanaambukizwa maradhi yetu ya kifua kirahisi. Mwanakijiji anayeingia msituni kuchota maji au kukata kuni anawakaribia bila kutaka, kwa hiyo fedha zikinunua tangi la maji ya mvua kijijini, au jiko linalokula kuni kidogo, zinamlinda gorila sawa na doria ya askari wa hifadhi. Jibu hili hufungua pochi za watu kuliko picha ya mtoto wa gorila.

Mchangiaji anayelipa kodi Uingereza mwombe pia ajaze fomu ya Gift Aid: kila pauni yake serikali huongezea shirika peni 25, naye halipi zaidi. Na michango iombeni kabla ya mbio. Baada ya mbio watu hupongeza sana, lakini hawatoi.