Kurahisisha usanifu wa jukwaa la jamii: nini hasa kinachorahisishwa

Kurahisisha usanifu wa jukwaa la mtandaoni ni kumpunguzia mtumiaji maamuzi anayolazimika kuyafanya kabla ya kupata alichokijia. Si kupunguza rangi, si kuacha nafasi nyeupe nyingi, wala si kufuta vitu mpaka ukurasa ubaki mtupu. Jukwaa laweza kuwa na kazi nyingi na bado likawa jepesi. Laweza pia kuwa na vitufe vitatu tu na likamtoa mtu jasho. Kipimo ni hiki: tangu mtu afungue ukurasa hadi amalize shughuli yake, amesimama na kujiuliza mara ngapi?

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho: jukwaa la watu wa Lamu. Nahodha anatangaza safari ya kesho. Mvuvi wa Kizingitini anauliza bei ya kambakoche. Mama wa Langoni anatangaza harusi, mwenye punda anatafuta punda wake, na mwanafunzi aliye Mombasa anataka kujua atapata boti gani akifika Mokowe, gati la upande wa bara. Kila mmoja ana dakika mbili, simu ya mkononi, na mara nyingi jua limempiga usoni.

Ugumu haupotei, unahama

Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyefanya kazi katika kampuni za Xerox kisha Apple, alieleza katika miaka ya 1980 jambo ambalo kila msanifu hukutana nalo: kila shughuli ina kiasi fulani cha ugumu kisichoweza kuondolewa. Kinachobaki kuamuliwa ni nani ataubeba, mtumiaji au mjenzi.

Chukua tangazo la safari. Ukimwachia nahodha kisanduku kitupu cha kuandika mahali pa kuondokea, mmoja ataandika Mokowe, mwingine Makowe, wa tatu ataandika "gatini" tu, akiamini kila mtu anajua ni gati lipi. Kisanduku hicho kinaonekana chepesi, lakini anayetafuta safari hataziona zote tatu kwa pamoja. Ukimpa orodha ya kuchagua (Lamu, Mokowe, Manda, Shela, Matondoni, Kipungani, Mtangawanda, Faza, Kizingitini), mjenzi ndiye aliyefanya kazi ya kukusanya majina na kuyaandika kwa namna moja. Nahodha anagusa mara moja, basi. Huko ndiko kurahisisha. Na kwa sababu boti za upande wa Pate na Faza hufuata maji, saa ya kuondoka haiwi ile ile kila siku. Kwa hiyo ratiba moja ya kudumu haitafaa, hata kama ingependeza zaidi kwenye ukurasa. Kila safari inahitaji tarehe na saa yake.

Nyumba ya Mkomani

Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, zinafundisha dhana hii vizuri kuliko michoro mingi ya kompyuta. Mgeni haingii moja kwa moja. Kuna daka, kibaraza cha mlangoni, anapoketi na kuzungumza hata asiyekusudia kuingia. Akikaribishwa hupita tekani, ukumbi mdogo nyuma ya mlango, kisha kiwandani, yaani uani, kisha misana miwili, kumbi ndefu za msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), ndipo ndani, chumba cha mwisho. Mpita njia hawezi kuona kiwanda kutoka mlangoni. Vyumba vyote vipo, hakuna kilichofutwa ili nyumba ionekane nyepesi. Kila kimoja hujitokeza kwa zamu yake na kwa mtu wake. Wasanifu huita mpangilio huu kufichua kwa hatua.

Daka la jukwaa ni kusoma bila akaunti. Hapa ndipo majukwaa mengi hukosea: mtu hajaona hata tangazo moja, tayari anadaiwa ajisajili. Mwache asome, atafute, aone kama pana faida. Dai akaunti pale tu anapogusa kitufe cha kujibu au kutangaza, na ukimaliza kumsajili mrudishe pale pale alipokuwa, na alichokuwa ameandika kikiwepo. Ukimrudisha ukurasa wa mwanzo, wengi hawataandika tena.

Tekani ni usajili wenyewe. Namba ya simu au barua pepe, na jina. Jinsia, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na picha vya nini? Kila kisanduku cha ziada ni sababu moja zaidi ya mtu kuondoka, na ni taarifa moja zaidi utakayowajibika kuilinda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika kwa lengo husika tu, kwa hiyo hapa urahisi na sheria vinakwenda njia moja.

Kiwanda ni mahali pa kuandika na kujibu. Ndani ni kwa wasimamizi: kuhamisha mada, kufunga akaunti, kufungua makundi mapya. Vitufe vyao visionekane kabisa kwa asiyekuwa msimamizi. Kuvionyesha vikiwa vimefifia ni kumwekea mgeni milango asiyoweza kuifungua. Discourse, programu huria ya kujengea majukwaa iliyotoka mwaka 2013, imejengwa kwa mpango wa namna hii: ina ngazi za kuaminiwa kuanzia 0 hadi 4, na mwanachama mpya huwekewa kikomo cha viungo (linki) na picha mpaka ajulikane. Hatua hiyo pia huwapunguzia wasimamizi kazi ya kufuta matangazo ya matapeli.

Makundi mangapi?

Mwaka 1952 mwanasaikolojia William Edmund Hick wa Uingereza alionyesha kwamba muda wa kuchagua huongezeka kadiri chaguo zinavyoongezeka, ingawa hauongezeki kwa mstari ulionyooka. Wengi hulitaja jambo hilo kama amri ya kupunguza kila kitu. Sivyo. Mtu anayejua anachotafuta, katika orodha iliyopangwa kwa namna anayoijua, hasomi orodha nzima: orodha ya magati tisa haimsumbui mtu wa Lamu hata kidogo. Vivyo hivyo ile "saba" maarufu ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, idadi ya vitu ambavyo mtu huweza kuvishika kichwani kwa pamoja, ilihusu kumbukumbu ya muda mfupi, si menyu iliyo mbele ya macho.

Tatizo la makundi mengi ni jingine, nalo ni utupu. Jukwaa jipya lenye makundi 20 huwa na vyumba vingi visivyo na mtu, na anayeingia chumba kitupu hukata kauli kwamba jukwaa limekufa. Anza na manne au matano: safari za majini, uvuvi na bei, kazi na biashara, matangazo ya mji, vilivyopotea na kuokotwa. Weka na "Mengineyo", kisha liangalie kila mwezi. Likibeba theluthi ya mada zote, mgawanyo wako haufanani na mgawanyo ulio vichwani mwa watu.

Namna ya kuujua mgawanyo huo ni ya bei ndogo. Andika mada 40 za kweli, moja kwa kila kipande cha karatasi. Wape watu 15 hivi, mmoja mmoja, wazipange mafungu na kila fungu walipe jina. Usiwapendekezee majina. Utashangaa, kwa mfano, wangapi wataweka harusi, maulidi na misiba fungu moja kwa sababu zote ni mialiko, ilhali mjenzi alikwisha kuziita sherehe.

Saa, siku na maneno

Sehemu hii hupuuzwa kwa sababu wajenzi wengi huchukua programu iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuitafsiri maneno tu. Saa ndiyo ya kwanza kuleta hasara. Nahodha anaposema saa 1 asubuhi, anakusudia 07:00. Programu ikimpa gurudumu la saa 24, atachagua 01:00, na abiria atakayeiamini skrini atakosea kwa saa sita. Suluhisho ni kuonyesha zote mbili kwa pamoja, wakati wa kuandika na wakati wa kusoma: saa 1 asubuhi (07:00). Lazima sehemu ya siku itajwe kwa neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Kosa dogo la jamaa hilo ni alama inayoonyesha tangazo liliwekwa lini. Ikifupishwa kuwa "saa 3", msomaji hajui kama ni muda uliopita au ni saa tatu kamili. Andika "leo, saa 3 asubuhi". Na usiku nao una mtego: kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, hivyo maulidi ya "usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni Alhamisi jioni na kwa mwingine ni kesho yake. Fomu ya tangazo idai tarehe, isiridhike na jina la siku.

Utafutaji nao. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, si mwisho tu: chumba na vyumba, anauza na tunauza. Programu ya utafutaji iliyozoea kukata miisho ya maneno ya Kiingereza haitaviunganisha. Ongeza Kiamu, lahaja ya Lamu, juu yake, ambamo njia ni ndia na mji ni mui, na mtu atatafuta neno lililopo asilipate. Njia nyepesi ni kulinganisha vipande vya herufi tatu tatu badala ya maneno mazima. Hifadhidata ya PostgreSQL ina nyongeza ya kazi hiyo iitwayo pg_trgm. Kwa maneno ambayo vipande haviyashiki, tengeneza orodha fupi ya visawe kwa mkono. Maneno 100 yanatosha kuanzia.

Neno la mwisho hapa ni kitufe cha "Nimependa". Chini ya tangazo la bei ya samaki hakina ubaya. Chini ya tanzia ni aibu, na mwenye kufiwa hasahau. Kwenye matangazo ya misiba kiondoe, acha nafasi ya kuandika rambirambi peke yake.

Uzito na mwanga

Ukurasa wa megabaiti 3 kwenye mtandao unaopitisha megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 24 kushuka, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Ukurasa wa kilobaiti 300 huchukua sekunde 2.4. Uzito karibu wote ni picha: picha moja ya simu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ipunguzwe kwenye simu yenyewe kabla ya kutumwa, upana wa pikseli 1080, umbo la WebP au JPEG kwa ubora wa 75 hivi, na mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 250. Fonti tumia ile iliyomo tayari kwenye simu.

Kijivu hafifu juu ya nyeupe hupendeza ofisini na hufutika gatini saa sita mchana. Viwango vya WCAG, vya kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, vinataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na mandhari yake uwe 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe haifiki hata 3. Kijivu kilichokoza zaidi, #767676, kinapita kwa unywele. Kitufe kisiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, ambacho ndicho kiwango cha chini cha WCAG 2.2 ya mwaka 2023, lakini kwa mtu aliye ndani ya boti inayoyumba tungetaka 48. Na kila alama ya picha iwe na neno chini yake. Mistari mitatu ya menyu iliyofichwa ni kufuli kwa asiyeijua: kama una makundi matano, yaweke wazi chini ya skrini.

Kulirahisisha jukwaa lililopo

Jukwaa likiwa tayari lina watu, usianze kwa kufuta. Orodhesha kila kitufe na kila ukurasa, kisha hesabu matumizi kwa wiki nne. Wiki moja haitoshi, na mwezi wa Ramadhani utakupa picha ya Ramadhani tu. Kisichotumika kifiche nyuma ya hatua moja, ukiache mwezi mwingine kabla ya kukiondoa. Angalia pia nani anakitumia: kitufe kinachobofywa mara tatu kwa mwezi chaweza kuwa ndicho cha kuripoti utapeli.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha menyu, rangi na makundi siku moja, malalamiko yatakuja na hutajua yanahusu lipi. Anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa msimbo wa 301, unaoiambia simu kwamba ukurasa umehama kabisa, kwa sababu viungo vyake vimekwisha kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp na havitarekebishwa na mtu.

Kisha jaribu na watu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua kasoro nyingi, na ni afadhali majaribio matatu ya watu watano watano kuliko moja la 15, kwa sababu katikati unarekebisha. Mpe kila mmoja simu yake mwenyewe na kazi moja: "Tafuta boti ya kesho asubuhi kutoka Mokowe." Usimsaidie, usimwonyeshe, usiulize kama amependa. Tazama kidole chake gumba, na kila kinapoinuka bila kugusa, andika ni skrini ipi na alikuwa akisoma nini.