Panga lenye doa si hukumu

Panga limeokotwa kwenye shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga. Karibu na mpini lina doa la kahawia. Mtaani wameshahukumu: ni damu ya mtu aliyeuawa, na mwenye panga anajulikana. Sisi wa maabara ya sayansi jinai bado hatujafika huko.

Naanza na kijiti cha pamba. Nalisugua doa taratibu, nadondoshea kemikali iitwayo fenoftalini, kisha hidrojeni peroksaidi. Pamba ikigeuka waridi papo hapo, nimepata dalili tu, kwa sababu utomvu wa baadhi ya mimea nao huleta rangi hiyohiyo, na panga la shambani halikosi utomvu. Kwa hiyo hufuata kipimo cha kuthibitisha kuwa ni damu, tena ya binadamu, ndipo tuingie kwenye vinasaba.

Tuseme vinasaba vimelingana na vya marehemu. Hata hapo siandiki kwamba mshukiwa ameua. Naandika uzito wa matokeo: yangetarajiwa kwa kiasi gani kama damu ni ya marehemu, na kwa kiasi gani kama ni ya mtu mwingine asiye ndugu yake. Damu ilifikaje pale, lini, kwa mkono wa nani? Hayo doa peke yake mara nyingi halisemi, nami sina haki ya kulisemea.

Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliamini alama ya kidole iliyopatikana katika uchunguzi huo ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani. Alishikiliwa kwa takriban wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipomtambua mwenye alama hiyo kuwa mtu mwingine. Nao walikuwa wabobezi! Waliohakiki walikuwa wanajua tayari jibu la mwenzao wa kwanza. Ndiyo maana nataka anayehakiki kazi yangu asione kwanza nilichoandika.

Mahakama zetu hupokea maoni ya mtaalamu, lakini hayamfungi hakimu wala jaji. Wakili akinibana kizimbani, ni haki ya mshtakiwa.

Ninachowaomba wenyeji ni hiki: ukikuta kitu cha namna hiyo, usikiguse wala kukifuta, waite polisi. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto letu la pwani, huvunda na vinasaba vikaharibika. Kwa wachunguzi, nguo hiyo hukaushwa kivulini, ikatiwa kwenye bahasha ya karatasi yenye lakiri, na kila anayeipokea akasaini.