Je, wajua? Kwa nini Waaborijini huitikia "ndiyo" mkutanoni, kisha mradi wa serikali ukafa

Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.35. Ukiiweka Tanzania nzima ndani yake, bado itabaki nafasi ya kuiingiza sehemu kubwa ya Kenya. Wakazi wake ni kama 250,000 tu, na karibu theluthi yao ni Waaborijini, wenyeji wa bara hilo tangu makumi ya maelfu ya miaka. Wengi wao wanaishi katika vijiji vilivyotawanyika, vingine mamia ya kilomita kutoka miji ya Darwin au Alice Springs. Kule Arnhem Land, upande wa kaskazini-mashariki wa eneo hilo, msimu wa mvua ukiingia barabara hukatika kwa wiki au miezi, na njia inayobaki ni ya angani.

Basi afisa wa serikali akitaka "kuwashirikisha wananchi" hupanda ndege ndogo asubuhi. Hufika, hukutana na watu ukumbini au chini ya mti, hueleza mpango wake kwa Kiingereza, huuliza kama wanakubali. Watu huitikia. Jina la kijiji hutiwa alama ya vema, na kabla ya giza ndege imeshapaa. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu hata ya kwanza haimalizi. Mradi ukija kukwama, jibu la ofisini huwa tayari: wenyewe walikubali.

Je, walikubali kweli?

Sehemu ya jibu ilitolewa na jaji mwaka 1976. Jaji Forster wa Mahakama Kuu ya Northern Territory, katika kesi iliyojulikana kama Anunga, aliona maungamo ya watuhumiwa mbele ya polisi yaliyojaa "ndiyo" zisizoaminika. Akaeleza kwamba Waaborijini wengi, kwa adabu yao, humjibu mzungu kile wanachodhani anataka kusikia, na hali huwa mbaya zaidi muulizaji akiwa mtu mwenye madaraka. Akaweka taratibu: awepo mkalimani, awepo mtu ambaye mtuhumiwa anamwamini, maswali yasibebe majibu ndani yake, na baada ya kuelezwa haki zake mtuhumiwa aombwe kuzirudia kwa maneno yake mwenyewe. Baadaye wanaisimu, Diana Eades akiwa maarufu zaidi, walilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi mahakamani wakakuta lilelile: kuitikia ni njia ya kutunza amani na mgeni, au ya kumaliza mazungumzo yanayochosha. Mtu anaweza kuitikia asiyoyaelewa, na anaweza pia kuitikia asiyoyataka.

Polisi wana taratibu hizo tangu 1976. Afisa wa nyumba au wa ajira anayeuliza "mnaunga mkono mpango huu?" mbele ya watu mia hana hata moja inayombana. Na huenda wengi pale mbele Kiingereza kwao ni lugha ya tatu au ya nne. Huduma ya serikali ya wakalimani wa lugha za Waaborijini katika eneo hilo ilianza mwaka 2000 tu, ingawa Kiwarlpiri, Kipitjantjatjara na lugha za Wayolngu zilikuwa zikizungumzwa pale muda wote huo, na watoto bado wanazaliwa nazo.

Lakini lugha ni nusu ya hadithi. Hata ukimpata mkalimani hodari, swali linabaki: umemuuliza nani?

Serikali hupenda kusema "jamii ya mahali fulani" kana kwamba ni ukoo mmoja wenye kauli moja. Ukweli ni kwamba vijiji vingi viliundwa na serikali yenyewe au na wamisionari. Yuendumu, takriban kilomita 290 kutoka Alice Springs, ilianza mwaka 1946 kama kituo cha kugawia chakula. Papunya iliwakusanya pamoja Wapintupi, Waluritja, Wawarlpiri, Waarrernte na Waanmatyerre, watu wenye nchi zao mbalimbali za asili. Maningrida ilianza kama kituo cha biashara mwaka 1949, na leo zinazungumzwa pale lugha zaidi ya kumi, huku ardhi yenyewe ikiwa ya kundi moja dogo tu. Kwa sheria za Waaborijini, mtu hana kauli juu ya ardhi isiyo yake, hata kama amezaliwa pale na ameishi pale maisha yake yote. Ukiitisha mkutano ukauliza kisima kichimbwe wapi, wenye haki ya kujibu huenda ni familia mbili zilizokaa nyuma kimya, na wanaoongea sana ni wageni wao. Kura ya kunyoosha mikono hapo ni kuwaomba wapangaji wauze nyumba.

Kuna pia mambo ya undugu. Katika jamii nyingi mwanamume na mama mkwe wake hawapaswi kusemezana wala kuketi mahali pamoja. Yapo mambo ya wanaume yasiyosemwa mbele ya wanawake, na ya wanawake yasiyosemwa mbele ya wanaume. Mzee aliyesimama nje ya ukumbi kwa heshima huhesabiwa kuwa hakuhudhuria. Na msiba ukitokea, kila kitu husimama: jina la marehemu halitajwi, na huko katikati ya bara hata aliye hai mwenye jina kama hilo huitwa Kumanjayi kwa muda. Mswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana nani ataitisha kikao cha bajeti kabla matanga hayajaanuliwa? Ila ratiba ya wizara iliyopangwa Canberra haina safu ya matanga, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, msiba uwepo usiwepo.

Ongeza na hili: wahudumu hawadumu. Utafiti uliofuatilia zahanati za mbali za Northern Territory kati ya 2013 na 2015 ulikuta kwamba kwa mwaka, kwa wastani wa kila zahanati, kiwango cha wauguzi na wahudumu wa afya kuondoka kilizidi asilimia 100. Wanakijiji wanamzoea mtu, wanamweleza, anaondoka. Anakuja mwingine na maswali yaleyale. Ukiulizwa jambo moja na watu kumi waliokuja kwa zamu, na kisima hakijachimbwa, wa kumi na moja utamjibu nini? Utamwambia ndiyo, aende zake.

Mtu anaweza kudhani haya yote yanamaanisha kwamba kazi na jamii hizi haiwezekani. Mwaka 2007 unakanusha hilo, kwa sababu tatizo moja, ulevi na madhara yake kwa watoto, lilishughulikiwa kwa njia mbili karibu wakati mmoja.

Njia ya kwanza ni ile iliyoitwa kwa kifupi "Intervention", yaani serikali kuingilia kati. Ripoti ya Rex Wild na Pat Anderson kuhusu unyanyasaji wa watoto katika Northern Territory ilikuwa imetoka, na pendekezo lake la kwanza lilisisitiza mashauriano ya kweli na Waaborijini wenyewe. Siku chache baadaye, tarehe 21 Juni 2007, Waziri Mkuu John Howard na waziri wake Mal Brough wakatangaza hatua za dharura bila mashauriano hayo. Miswada yenye kurasa karibu 500 iliwasilishwa bungeni Agosti, na baraza la wawakilishi likaipitisha siku hiyohiyo. Vijiji 73 vikahusika. Wanajeshi wakaenda kusaidia usafirishaji, mabango ya kukataza pombe na ponografia yakasimikwa mlangoni mwa vijiji, nusu ya fedha za ruzuku za watu ikazuiwa itumike kwa mahitaji maalumu tu, na Sheria ya Kupinga Ubaguzi wa Rangi ya 1975 ikawekwa kando ili yote hayo yawezekane. Wapo Waaborijini walioiunga mkono, tusifiche, hasa waliochoka na vurugu majumbani. Ila hata miongoni mwao wengi walikumbuka fedheha ya bango lile, lililomwambia kila mpita njia kwamba humo ndani wote ni washukiwa.

Njia ya pili ilifuatwa jirani, jimbo la Western Australia, katika mji wa Fitzroy Crossing. Bonde la Fitzroy, ulipo mji huo, lilikuwa limezika watu zaidi ya 50 katika mwaka mmoja, wengine wakiwa wamejiua. Wanawake wa huko, wakiongozwa na June Oscar na Emily Carter, walikutana, wakazungumza na wazee, kisha wao ndio wakamwandikia mkurugenzi wa leseni za pombe wa jimbo wakitaka uuzaji wa pombe ya kubeba, isipokuwa ile hafifu, uzuiwe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Marufuku yakaanza Oktoba 2007. Si wote bondeni waliofurahi, na akina mama hao walitukanwa sana, lakini tathmini ya mwaka wa kwanza ilionyesha kwamba majeraha na fujo za ulevi zimepungua. Kisha jamii hiyohiyo ikawaita watafiti waje wapime ni watoto wangapi waliathiriwa na pombe tumboni mwa mama zao, jambo ambalo mtafiti wa nje angelipendekeza angefukuzwa.

Katazo la pombe lilikuwepo pande zote mbili. Tofauti ilikuwa barua ile imetoka kwa nani.

Hata kuondoa sheria kunaweza kufanywa vibaya. Sheria zilizorithi Intervention zilikoma Julai 2022, na makatazo ya pombe yakakoma nazo. Mashirika ya afya ya Waaborijini yalikuwa yameonya kwamba hakuna maandalizi. Fujo ziliongezeka Alice Springs, Waziri Mkuu Anthony Albanese akalazimika kwenda mwenyewe Januari 2023, na mwezi uliofuata makatazo yakarudishwa. Kwa hiyo anayedhani suala ni serikali kali dhidi ya serikali laini amekosea. Zote mbili ziliamua peke yao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kintore, kijiji cha Wapintupi yapata kilomita 500 magharibi mwa Alice Springs. Wagonjwa wa figo walilazimika kuhamia mjini kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki hadi kufa, mbali na nchi yao na wajukuu zao. Serikali ilisema mashine haiwezi kuendeshwa jangwani, gharama haibebeki. Wazee hawakubishana. Walichora. Mwaka 2000 picha zao zilipigwa mnada katika jumba la sanaa la New South Wales mjini Sydney, zikaingiza zaidi ya dola milioni moja za Australia, na mwaka 2004 mtu wa kwanza akasafishwa damu Kintore. Shirika lao, linalojulikana kama Purple House, sasa linaendesha huduma hiyo katika jamii karibu 20 za mbali, pamoja na lori lenye mashine ndani. Mwaka 2018 bima ya afya ya taifa ikaanza kulipia usafishaji damu unaofanywa na wauguzi katika sehemu za mbali.

Njia ya kuuliza vizuri inajulikana pia kisheria. Sheria ya haki za ardhi ya 1976 inayataka mabaraza ya ardhi yahakikishe kwamba wamiliki wa jadi wameelewa pendekezo na wamekubali kama kundi, na kama wana utaratibu wao wa kimila wa kuamua, huo ndio ufuatwe. Karibu nusu ya Northern Territory ni ardhi ya namna hiyo. Kampuni ya madini hailikwepi sharti hilo kirahisi. Mpango wa shule unaweza kulikwepa.

Julai 2020 serikali zote za Australia zilisaini makubaliano ya kitaifa na umoja wa mashirika ya Waaborijini ulioongozwa na Pat Turner, zikiahidi kugawana maamuzi na kuyakabidhi mashirika hayo huduma. Oktoba 2023 kura ya maoni ya kuunda chombo cha Waaborijini cha kulishauri bunge ilikataliwa na takriban asilimia 60 ya wapiga kura, ingawa vituo vingi vya vijiji vya mbali vilisema ndiyo kwa wingi. Na mapema 2024 Tume ya Uzalishaji, taasisi ya serikali yenyewe, ikaripoti kwamba ahadi za 2020 kwa sehemu kubwa hazijatekelezwa: idara nyingi zilichukua kazi zilezile zilizokuwa zikifanya zamani, zikazibandika lebo mpya.