Mwingiliano wa mitandao: ukipiga simu, nani anamlipa nani?

Uko Mbagala na laini ya Vodacom, unampigia shangazi yako wa Tegeta mwenye laini ya Airtel. Simu inaanzia kwenye mnara wa Vodacom, inapita pale mitambo ya kampuni hizo mbili ilipoungwa, inaingia Airtel na kumfikia shangazi kupitia mnara ulio karibu naye. Salio lako limekatwa na Vodacom peke yake. Airtel nayo imefanya kazi, lakini haijakutoza wewe wala shangazi, kwa kuwa kwetu anayepokea simu halipi. Inayomlipa Airtel ni Vodacom, kwa kila dakika. Utaratibu mzima wa kuunganisha mitambo, kuhesabu dakika na kulipana ndio unaoitwa mwingiliano wa mitandao.

Bei ya dakika hiyo imeshuka sana. Kabla ya Machi 2013 ilikuwa zaidi ya shilingi 100. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ikaishusha hadi 34.92, mwaka 2017 ikawa 26.96, Januari 2018 ikawa 15.60, kisha ikaendelea kupunguzwa hadi kufikia shilingi 2 mwaka 2022. Wakazi wa Dar es Salaam wanazikumbuka enzi za bei ya juu hata kama hawakuwahi kuzisikia tarakimu hizi. Ndizo enzi za kutembea na laini tatu, moja ya ofisini, moja ya nyumbani, moja ya "wale wa Tigo", na za simu za laini mbili kujaa Kariakoo. Kupiga ndani ya mtandao ilikuwa nafuu, kupiga mtandao mwingine kunauma. Watu wakaamua kujiunganishia mitandao wenyewe mfukoni.

Kampuni zinapokaa mezani, mvutano huwa kati ya mkubwa na mdogo, na sababu yake si ile inayodhaniwa na wengi. Tuseme kampuni kubwa ina wateja tisa katika kila kumi, na ngeni ina mmoja. Kama watu wanapigiana bila kujali mtandao, dakika za kwenda na za kurudi zinakaribiana, na mwisho wa mwezi madeni yanafutana. Mbona basi mdogo analalamika? Kwa sababu simu tisa kati ya kumi za wateja wake zinakwenda mtandao wa mwenzake, na kila dakika inayotoka ina gharama ambayo hawezi kuuza chini yake bila kupata hasara. Mkubwa, ambaye simu zake nyingi zinaishia ndani, anaweza kuziuza kwa bei ya chee na kumwambia mteja: njoo huku waliko ndugu zako.

Mdogo akijikaza na kupunguza bei ya kupiga mitandao yote ili avute watu, anajitia kwenye shida nyingine. Wateja wake sasa wanapiga kuliko wanavyopigiwa. Akitoa dakika milioni 10 kwa mwezi na kupokea milioni 8, analipa tofauti ya milioni 2. Kwa bei ya 34.92 hiyo ni karibu shilingi milioni 70. Kwa shilingi 2 ni milioni 4. Ndiyo maana bando za "mitandao yote" zimekuwa jambo la kawaida. Si kwamba kampuni zimepata huruma.

Kisheria, kampuni yenye leseni haiwezi kumfungia mwenzake njia kwa kuwa tu ni mshindani. Zinatakiwa kujadiliana, mkataba unafikishwa TCRA, na zikishindwana Mamlaka inaamua. Asiyeridhika na uamuzi ana Baraza la Ushindani. Lakini bei si jambo pekee linalojadiliwa. Kuna mahali pa kuunganishia mitambo, dhamana, siku za kulipa, na nini kifanyike pale kumbukumbu za simu za kampuni moja zisipolingana na za nyingine. Kuna pia ukubwa wa njia yenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo hila hujificha kirahisi zaidi. Njia ikiwa nyembamba na mwenye uwezo wa kuipanua akawa anavuta miguu, simu zitagoma saa za jioni, na mteja atailaumu kampuni yake mwenyewe.

Kuhama mtandao bila kubadili namba ni hatua iliyojengwa juu ya mwingiliano huo. Kwetu ilianza rasmi tarehe 1 Machi 2017. Unaenda kwenye duka au kwa wakala wa mtandao unaouhamia, unatambuliwa, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na laini mpya ikiwaka ile ya zamani inazimika. Hutozwi kitu. Angalia mpango huo ulivyo na akili: huendi kuomba ruhusa kule unakoondoka, kwa hiyo hakuna wa kukubembeleza wala wa kukuzungusha.

Nyuma ya pazia, tarakimu za mwanzo zimepoteza nguvu. Zamani 075 ilitosha kuuelekeza mtambo Vodacom na 078 Airtel. Sasa zinaonyesha tu namba ilipozaliwa, na kabla ya kuunganisha simu lazima ipatikane orodha ya pamoja inayosema namba hiyo inaishi wapi leo. Mitambo imezoea. Binadamu bado. Msikilize mteja kwa wakala wa pesa:

"Mama, nataka kuweka elfu ishirini."

"Haya, nitajie namba. Sifuri saba tano... hiyo M-Pesa."

"Hapana mama, nilihama. Niko Airtel."

"Ungesema mapema, mwanangu, nilishaanza kubonyeza."

Na hapo kwenye pesa ndipo ninapoona kizuizi cha kweli. Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana kutumiana pesa kati ya mitandao mwaka 2014, Vodacom akaingia 2016, kwa hiyo kutuma kwa mtu wa mtandao mwingine si tatizo tena. Ila akaunti yenyewe haihami na namba. Unaanza upya na historia yako ya kukopeshwa kwa simu inabaki ulikotoka. Mwenye duka anayetegemea mikopo hiyo kuongeza mzigo ana sababu nzuri ya kubaki alipo, hata kama mtandao unamkatikia kila siku.

Anayetaka kuhama basi amalize kwanza upande huo: atoe pesa zote, alipe alichokopa, atumie muda wa maongezi na bando lililobaki, kisha ndipo atume HAMA.