Kinachopotea katika mkojo wa mnywaji

Wagonjwa waliokunywa pombe kwa miaka mingi huniletea majibu yasiyo na kasoro ya kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, wakiamini kuwa mafigo yao ni mazima. Kreatinini hupima uchujaji, lakini haisemi lolote kuhusu kazi inayofuata, ya kurudisha kwenye damu vile vilivyochujwa ambavyo mwili bado unavihitaji.

Mafigo ya mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, na mkojo huishia kuwa lita moja na nusu hivi. Urudishaji huo hufanywa na seli za mirija midogo ya figo, ambazo tando zake zina protini za kusafirishia glukosi, fosfeti, magnesiamu na kadhalika. Nyingi hutegemea pampu ya sodiamu na potasiamu, protini inayosukuma sodiamu nje ya seli na potasiamu ndani, iliyoelezwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957. Ethanoli, iwe ya bia, mbege au gongo, ni molekuli ndogo inayoupenya utando bila kusubiri kubebwa, na kwa mnywaji wa kudumu seli hizo hulegea katika kazi yake, zikaachia magnesiamu, kalsiamu, fosfeti na asidi amino zishuke na mkojo.

Magnesiamu ndiyo inayotusumbua zaidi wodini. Katika sehemu za mwisho za nefroni, yaani kichujio kidogo cha figo pamoja na mrija wake, magnesiamu iliyomo ndani ya seli huzuia kwa kiasi mifereji inayotoa potasiamu; ikipungua, mifereji hubaki wazi na potasiamu hupotea mkojoni. Daktari chipukizi huweka dripu ya potasiamu, kesho yake akakuta kiwango hakijapanda, akaongeza nyingine, na kumbe anatia maji kwenye pakacha, kwa kuwa hajarudisha magnesiamu.

Ndugu wa mgonjwa husema tatizo ni kwamba hali chakula. Ni kweli kwa sehemu, ila figo lenye afya, lishe inapopungua, huibana magnesiamu. Kuikuta kwa wingi mkojoni ilhali imepungua kwenye damu huonyesha kuwa figo lenyewe linavujisha. Kwa hiyo mimi hupima mkojo na damu siku ileile.

Mwaka 1993, watafiti wa Italia waliripoti katika New England Journal of Medicine kwamba kasoro nyingi za namna hii kwa wanywaji wa kudumu zilitoweka baada ya wiki 4 za kuacha pombe. Wanaoacha, mimi huwaomba warudi kupimwa baada ya muda huohuo.